Damu Kwenye Miche ya Sabuni

Wasomaji wangu, yule mpanga herufi wa gazeti letu, mzee mwenye mkono wa kulia uliopinda, tumemzika Jumatatu. Mara nyingi mmeniuliza mkono ule uliharibiwa na nini, nami nikiwajibu ni mashine. Nilikuwa nasema uongo, na kaburini niliona haya hata kushika jembe.

Ilianza asubuhi moja Kariakoo, siku ya msako wa kodi ya kichwa. Askari walikuwa wameziba njia karibu na soko, akatokea hamali wa kampuni moja kubwa, kasha la sabuni mgongoni. "Cheti cha kodi!" Maskini, mikono yote imeshika kasha. Akasema, "Ngoja nitue, bwana." Wangojee wapi! Rungu la kwanza lilimvunja goti, kasha likamwangukia, na wale wakaendelea kumpiga mateke ya mbavu mpaka akatapika damu. Karani wa kampuni akaja mbio. Wallahi nilidhani anakuja kumtetea! Akainama, akawa anaokota miche ya sabuni, anaifuta damu kwa leso mmoja mmoja. Hamali alikata roho palepale. Cheti chake walikikuta baadaye, kimekunjwa vizuri kwenye pindo la msuli.

Nilirudi ofisini na hasira, nikaandika bila kutia jina langu: mtu ameuawa kwa kodi ya kichwa chake, na kampuni aliyoibebea mzigo hakuna askari anayeisimamisha njiani kuiuliza faida yake imelipiwa kodi gani. Mpanga herufi akaipanga yote. Mchana meneja wa kampuni, aliyekwisha kupata fununu, akaingia kwa mwenye gazeti, maana matangazo yao ndiyo yaliyokuwa yakitulisha, na alipotoka tukaamriwa: habari itolewe, pale liwekwe tangazo la sabuni. Mpanga herufi akaitoa. Lakini tangazo hakuliweka. Wapanga herufi huziba nafasi tupu kwa vipande vifupi vya madini ya risasi visivyoshika wino, naye akavijaza hivyo pale, ukurasa wa pili ukatoka na pengo jeupe.

Kesho yake sokoni, msomaji aliyekuwa akiwasomea wenzake kwenye baraza ya kahawa alifika pale akanyamaza. "Mbona husomi?" wakamuuliza. "Pameachwa tupu." Mzee mmoja akasema, "Ni yule hamali," na baraza yote ikainuka.

Jioni msimamizi wa kampuni alikuja kwenye kiwanda chetu cha kuchapa na watu wawili. "Nani aliiandika ile habari?" Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, wino vidoleni. Mpanga herufi alinitazama mara moja tu. "Mimi," akasema. Walimlaza mkono juu ya meza ya chuma, wakauponda kwa nyundo yetu wenyewe ya kusawazishia herufi. Nilisikia mifupa ikivunjika, nami sikufungua mdomo. Mwoga mimi! Gazeti nalo halikuandika hata mstari mmoja.

Alijifunza kupanga kwa mkono wa kushoto, na safu hii ameipanga yeye miaka yote. Kila wiki nilimwambia, "Shikamoo, kaka," naye, "Marahaba. Umeiandika?" Nikampa karatasi zangu za mvua, za harusi, za bei ya nazi. Alizipanga bila neno, na hilo ndilo lililoniuma zaidi kuliko matusi. Hakuna aliyenikataza kuandika miaka yote hiyo. Gazeti linalolishwa na tajiri huzoea kujinyamazisha lenyewe, na mwandishi wake hivyo hivyo, wakati hamali anaendelea kudaiwa cheti.

Kaka, nimeiandika. Nimechelewa, unisamehe. Mwenye gazeti ameniruhusu niyaseme yote, mradi jina la kampuni nisilitaje. Silitaji. Nyinyi wasomaji geuzeni tu ukurasa wa nyuma, msome tangazo la sabuni.