Kutoka Makadara hadi Eastleigh na Shingo Iliyoungwa

Niliondoka nyumbani Makadara Jumanne asubuhi kwa sababu mbili. Ya kwanza mnaijua ninyi mlio nyumbani Ukambani: wiki nane zilikuwa zimetimia tangu nipasuliwe shingo, na daktari alitaka picha ya eksirei. Aliyetakiwa kuamua kama ninaweza kusafiri kuja kaburini kwa mke wangu Ndinda Jumamosi hii, siku ya maombi, ni yeye. Sababu ya pili sikumwambia mtu. Niliogopa kwamba nimeivunja shingo hiyo kwa mikono yangu mwenyewe.

Mnajua kazi yangu. Nimechonga twiga tangu ujana, nimekaa chini, gogo katikati ya nyayo, kichwa kimeinama kutwa. Pingili za shingo zikalika. Vidole vikafa ganzi hadi tezo ya kuchongea ikawa inanidondoka. Pale hospitali waliingilia mbele, chini ya koo, wakatoa kilichoharibika, wakaweka kipande cha mfupa kutoka nyongani kwangu, kisha bamba dogo la chuma na skrubu nne ili mfupa na mfupa ushikane uwe kitu kimoja. Nilirudi nyumbani na kola ngumu shingoni na sauti ya mtu aliyekula mchanga.

Ndinda ndiye aliyenigeuza kitandani. Alifundishwa kunigeuza kama gogo, kichwa, mabega na nyonga kwa pamoja, na alicheka akisema hatimaye nimejua kuwa upande ule mwingine wa kazi, upande wa gogo. Wiki ya tano presha ilimpanda akiwa sokoni. Hakufika hospitali. Mwili wake ukaja kwenu, mimi nikabaki, kwa sababu daktari alinikataza barabara ile. Mwende, binti yangu, uliniuliza kwa simu, "Baba, hata siku moja tu?" Nilikata simu. Leo najibu.

Saa mbili asubuhi, Jogoo Road. Nilikwenda kwa miguu. Kutembea niliambiwa ni dawa, na gari linaloruka kwenye matuta nilikatazwa. Kola ilinishika kidevu, kwa hiyo ardhi sikuiona. Niliitafuta njia kwa soli za viatu. Moshi wa wachoma mahindi ulikuwa umelala chini, jua likiuingia kwa ubavu, na watu walinijia bila miguu. Walielea. Mama mwenye beseni la sukuma wiki alipita kama beseni lenyewe linaogelea. Juu kwenye roshani nguo zilizoanikwa zilipumua taratibu, na sikuwa na uhakika kama natembea mimi au ni mtaa unaosogea nyuma yangu. Mtu aliyekuwa karibu hakuwa na miguu. Aliyekuwa mbali alikuwa mzima. Niliona hilo nikalipita tu.

Saa tatu hivi, Shauri Moyo. Kwenye karakana yetu nilisikia tezo kabla sijaona mtu. Wachongaji walikuwa wamekaa chini kama kawaida, na mimi nikasimama katikati yao nikitazama ukuta.

"Haiya! Twiga mwenyewe amekuja!" Ilikuwa sauti ya Musyoka, tuliyekaa naye bega kwa bega miaka mingi. "Na mnaona anavyotuangalia juu juu? Tumekuwa nyasi siku hizi?"

"Si madharau, Musyoka. Ni kola."

"Basi rudi nyuma kidogo utuonyeshe huo uso."

Nilirudi hatua tatu, nne. Wakatokea wote, magoti, vumbi na meno yao. Kando ya mguu wa Musyoka palikuwa na twiga aliyevunjika shingo, ameungwa kwa kijiti na gundi, amefungwa ukanda wa mpira wa tyubu.

"Ana siku tatu huyu," akasema, akaunyoosha mkono kwenye kichwa cha twiga.

"Usimzungushe!" nilipiga kelele. Sauti ilitoka mbaya. Tezo zote zikanyamaza.

"Kwani una nini, wewe?" Musyoka aliuliza, sasa polepole. "Si ndivyo tunavyofanya?"

Ndivyo tunavyofanya. Twiga akiungwa, siku ya tatu unamshika kichwa, unamzungusha kidogo huku umetega sikio. Akilia, gundi haijakauka, unamfunga tena. Asipolia, unampa mke wako ampige msasa. Asubuhi iliyofuata mazishi ya Ndinda, nikiwa peke yangu nyumbani, nilivua kola nikajishika kichwa kwa mikono miwili, nikazungusha. Nilitaka kujua kama nimeshakauka. Kama nimeshakauka, nilisema, nitakuja kwenu siku hiyo hiyo, daktari apende asipende. Kikalia kitu. Kidogo, kama punje ya mchele chini ya jino. Nikavaa kola nikakaa kitandani hadi mchana. Hilo ndilo nililokuwa nalo moyoni tangu siku ile, na pale karakanani nililisema kwa mara ya kwanza.

Musyoka hakucheka. Alimfunga twiga mpira mwingine juu ya ule wa kwanza. "Nenda," akasema. "Nenda upigwe picha."

Saa nne, Pumwani. Nilivuka mto nikaingia Majengo, ambako Bi Rehema huuza chai na mahamri mbele ya nyumba yake ya udongo. Alinivutia kiti cha juu, akatia chai kwenye kikombe kirefu na kuchomeka mrija bila kuniuliza.

"Umejuaje, Bi Rehema? Siwezi kuinua kichwa kunywa."

"Mke wako, Mungu amrehemu, alikuwa akija hapa kila Ijumaa kuchukua mirija. Nikamuuliza, mwanangu, ya nini yote hii? Akaniambia ana mtoto mchanga nyumbani, ameota mvi."

Nilicheka hadi mshono wa kooni ukavuta. Chai ilipanda kwenye mrija ikiwa na tangawizi nyingi, na kwa muda nilimwona Ndinda amekaa pale ukutani, mikono myeupe kwa vumbi la msasa, akinitazama nikinywa. Bi Rehema naye alitazama upande ule, kisha akaniambia nisichelewe.

Kabla ya saa sita, Eastleigh. First Avenue ilijaa marobota, mikokoteni na vitambaa vya rangi vilivyoning'inia hadi vikanigusa paji la uso. Kliniki iko ghorofa ya pili. Kijana wa eksirei alinisimamisha kando ya ukuta baridi.

"Niaje, mzee. Simama wima hivo hivo. Usitingishike, ni kama tu passport."

"Nimekaa wima wiki nane, mwanangu. Siwezi kingine."

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Kabla hajaweka picha kwenye taa nilimweleza habari ya twiga, yote, na habari ya mikono yangu. Alivua miwani.

"Ulizungusha shingo kusikiliza kama imeshika?"

"Ndiyo, daktari."

"Mfupa si gundi, mzee."

"Najua sasa."

Akaiweka picha. Nilijiona kwa ubavu, mweupe ndani ya giza, na zile skrubu nne zinang'aa kama nyota zilizopangwa na mtu. Daktari alipitisha kalamu juu ya pingili, moja baada ya nyingine.

"Chuma hakijasogea," akasema. "Kilicholia ni viungo vya juu yake. Hivyo ndivyo vitakavyobeba kazi ya hivi vilivyounganishwa, kwa hiyo vihurumie. Mfupa umeanza kushika, lakini uone mstari huu mweusi. Bado. Ungezungusha zaidi, tungekuwa na maneno mengine hapa."

"Na imenyooka?"

"Haitakiwi kunyooka kama rula. Ina mpindo mdogo kwenda mbele. Wamekurudishia."

Hilo nililielewa bila kufundishwa. Twiga aliyenyooka huwa mlingoti. Ndinda alikuwa akiwarudisha kwangu wale walionyooka, anasema hawa wamekufa.

Nikamuuliza habari ya Jumamosi. Alitaka kujua barabara. Nikamwambia lami hadi sokoni, kisha mawe na mabonde.

"Kwenye lami, kiti cha mbele, kola shingoni, msimame utembee kila saa. Kwenye mawe usipande chochote."

"Hapo kutoka sokoni ni mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu."

"Na leo umekujaje hapa?"

"Kwa miguu. Kutoka Makadara."

Alinitazama, akaanza kutabasamu. "Basi si umeshajijibu. Lakini sikiliza. Usiiname kaburini. Usiokote udongo. Usitazame chini."

Alasiri nilirudi kwa njia ile ile. Jua lilikuwa upande wa kulia Eastleigh, likahamia mgongoni, na mtaa ukaelea tena, ila sasa sikuuogopa. Karibu na nyumbani nilisimama. Nilikuwa nawaza nitafikaje mbele ya kaburi lake nisilione, nikitazama tu vilima vya ng'ambo. Mbele yangu, mwisho wa njia, mwanamke alikuwa anafagia mlangoni pake, na nilimwona mzima, hadi ndala zake na ufagio na vumbi.

Nilichojifunza siku ile ni hicho, hakuna kikubwa zaidi. Kilicho chini, mtu asiyeweza kuinama hukiona akirudi nyuma.

Kwa hiyo nitakuja Jumamosi. Nitafika nikitembea, polepole, msinipokee kwa kunikumbatia. Mwende, udongo utanitilia wewe mkononi. Na kiti changu msikiweke kando ya kaburi pamoja na wazee. Kiwekeni mbali, kule kwenye tangi la maji, halafu mkate ule ua wa mkonge ulio katikati. Nikikaa pale nitamwona mama yenu mzima, kutoka kichwani hadi miguuni.