Ng'ombe aliyekuwa mgeni rasmi wa Krismasi yetu Gumbo, Juba

Wakuu salaam, vuteni viti. Haya yalinikuta mwenyewe. Chumvi sijaongeza, na mimi ni mpishi, najua kuipima.

Miaka ile baada ya mkataba wa amani nilikuwa Juba, ng'ambo ya daraja, Gumbo, nauza chai na chapati. Watu walikuwa wanarudi kutoka Uganda kila siku, wengi hawana ndugu wa kula nao sikukuu.

Tukaunda kamati ya kujitolea. Mwenyekiti Mama Akello, Mganda muuza mitumba. Mimi mpishi mkuu. Kwa mdomo wangu huu nikautangazia mtaa mzima: Krismasi ni pilau ya nyama!

Nyama yenyewe sina.

Jirani yetu Mzee Wani, mfugaji wa Kimundari, akasema ataleta ng'ombe. Roho ikatulia.

Krismasi asubuhi akafika na fahali mweupe, pembe ndefu zimefungwa vishada. Akasimama mbele yake akaanza kuimba. Aliimba aisee! Nikajua anamuaga. Machozi yakanitoka, nikangoja kwa heshima amalize.

Alipomaliza nikachomoa kisu.

"Ita gi amulu shunu?" akafoka. Yaani, unafanya nini wewe?

Mama Akello akaja mbio. "Mpishi, wacha! Hii ng'ombe hapana ya kula. Iko mgeni! Mzee anaitwa na jina yake. Ameleta ifurahi na sisi."

Kumbe wenzetu wale mtu huwa na fahali wake wa kuringia, na mwenyewe huitwa kwa jina la huyo fahali. Mimi mtu wa Tanga ningejulia wapi?

Mgeni rasmi kutoka serikalini hakutokea, basi tukamweka ng'ombe mbele. Akala maua ya meza kuu. Akakojoa katikati ya hotuba ya mwenyekiti, watu wakapiga makofi.

Nikapika maharage. Ungechinjaje ng'ombe mwingine mbele ya mgeni? Nilitukanwa siku hiyo, wakuu. Niliona aibu mpaka basi.

Mwaka uliofuata ikawa desturi: sala, hotuba, ng'ombe, maharage.

Mwaka wa tatu Mzee Wani akaja peke yake, ameshika kishada kimoja. Fahali amekufa kwa uzee. Niliumia, sifichi.

Nikauliza kamati, sasa tuchinje? Wakakataa wote, hata wale walionitukana. Tukapika maharage kwa heshima ya marehemu.

Mzee akapokea sahani, akaitazama weee. Kiswahili chetu alishakiokota.

"Rafiki," akaniambia, "mimi iko kula haragwe yenu Krismasi tatu, sababu ya Yesu. Kwani dini yenu inakataza nyama?"

Nilichojifunza: uliza kabla ya kuchomoa kisu, na uliza tena kabla ya kuinjika maharage.

Kama yupo humu aliyekula Krismasi Gumbo miaka ile, ajitokeze hapa chini nimwombe radhi.