Mashine Haikutaka Mama Wawili

Tulikuwa kumi na wawili chumba kimoja, ghorofa ya tatu, Mchafukoge, na hatukuwa tunaongea. Kila mtu na skrini yake, mbao katikati. Nilikuwa na mtoto wa miezi minane na cheti cha kidato cha nne, na kwa cheti hicho hiyo ndiyo kazi niliyopata.

Kazi yenyewe ilikuwa kuifundisha kompyuta. Inasoma mitandaoni peke yake, magazeti, matangazo ya misiba, porojo za watu, halafu inatuletea ilichookota: mji huu uko mkoa ule, fulani ni mtoto wa fulani. Sisi tunabonyeza Kweli au Si kweli. Ukikosea mara tatu kwa wiki unaondoka. Hakuna wa kumlalamikia, na ngazini kuna watu wanakitaka kiti chako.

Siku hiyo ikaleta tangazo la msiba. Binti amefariki, mama zake wawili wanawashukuru waliowafariji. Mashine ikaandika: marehemu alikuwa na mama wawili. Nikabonyeza Kweli bila hata kuwaza. Mimi mwenyewe nina wawili. Aliyenizaa alikufa nikiwa darasa la pili. Dada yake mkubwa akanilea, naye pia namwita mama, na saa ile ile alikuwa nyumbani kwetu, mtaa wa Gerezani, na mwanangu mgongoni.

Skrini ikawa nyekundu. Msimamizi akaja, kijana wa rika langu.

"Dada, mtu ana mama mmoja. Mashine inataka hivyo, ndiyo sheria iliyowekewa. Hili kosa la pili."

"Sijakosea. Wewe mdogo wake mama yako unamwitaje?"

"Mama."

"Sasa?"

"Sasa hayo ya nyumbani, hapa kazini." Akapaza sauti wengine wasikie. "Au kwenu mama mnachukua kwa jumla, kama vitenge?"

Wakacheka. Wale wote wana mama wakubwa na mama wadogo, wengine ndio waliowasomesha, na wakacheka. Niliwachukia, wacha niseme ukweli. Sikuwahi kujiona peke yangu kama pale, katikati ya watu wanaojua ninachokijua.

Akairudisha sentensi ile ile. "Bonyeza tena, nakuona."

Nikabonyeza Si kweli.

Mashine haisahau. Wiki iliyofuata yakaja matangazo ya Lindi, ya Songea, ya Tanga, na kila marehemu ana mama mmoja tu, wa pili ameshaondolewa. Ilichotaka kwangu ni kuthibitisha. Nikathibitisha kutwa nzima. Sikukosea hata moja, msimamizi akanisifu.

Nilipofika nyumbani, yule aliyenilea alinipa mtoto, akaniangalia.

"Mbona umenuna?"

"Nimechoka."

"Nimechoka, nani? Siku hizi unaniongelesha kama mpangaji mwenzio."

Nikainamia mtoto, nikajifanya namfunga nepi. Nilikuwa na hasira hata kulia siwezi. Alisubiri nimwite, kisha akaenda kupakua chakula.