Kichwa cha Mtu Mzima

Nyinyi vijana mtakaosoma hii, kaeni vizuri na mziweke simu chini kidogo. Mimi shule niliishia darasa la tatu, kwa hivyo sitawapambia maneno. Niko na hasira, na hiyo hasira nitaianzia kwangu mwenyewe, msije mkasema bibi huyu, koko wenu, anaona makosa ya wengine tu.

Mjukuu wangu hasikii. Alishikwa na homa ya uti wa mgongo kabla hajajua kutembea. Ikamwachia uhai, ikaenda na masikio. Nimemlea mimi. Alisoma shule ya viziwi, halafu akaenda chuo cha ufundi miaka miwili, akajifunza kushona. Siku ya kumaliza walimpigia makofi yao ya kupunga mikono juu, wakampa cheti, wakafunga lango. Hakuna mtu wa chuo aliyeuliza huyu akitoka hapa anaenda wapi. Alikuja kwangu, hapa nje ya Kitengela ukielekea Isinya, na mimi nikamwonyesha kuku.

Ndiyo, kuku. Miaka mitatu mtu wa cheti anaokota mayai, anafua nguo za watoto wa wajomba zake, anarudisha ndama zizini. Watu wakiuliza, nilikuwa nawajibu kwamba nyumbani kuna usalama. Mdogo wake anayesikia, ambaye kifungo cha shati kikitoka analeta kwa dadake, aliandikwa kazi dukani Kitengela, na sikumwambia kuhusu usalama hata siku moja.

Kajiado tulienda, kutafuta ile kadi ya watu wenye ulemavu. Afisa aliniuliza mimi jina lake. Akaniuliza mimi umri wake. Akaniuliza mimi kazi anayotaka. Mwenyewe ameketi hapo katikati yetu kama gunia linalongoja gari, na mimi najibu yote, tena kwa sauti. Mwishowe afisa akasema kuna waajiri wanatafuta watu kama huyo, atamweka kwenye orodha, na nafasi ikitokea atapigiwa simu. Kiziwi apigiwe simu! Na mimi, badala ya kumuuliza kama anasikia anachosema, nilishukuru nikatoa namba yangu. Mpaka leo haijalia.

Sasa kuna jambo letu ambalo wengine wenu hamlijui, mliokuja kununua ploti juzi. Kwetu mtoto akikutana na mkubwa anainamisha kichwa, na mkubwa anamwekea mkono utosini. Hiyo ndiyo salamu, na ni nzuri. Mtoto akishakuwa mtu mzima, anapewa mkono kama watu. Yule mdogo wa dukani alianza kupewa mkono zamani. Lakini huyu mkubwa, na miaka yake ishirini na sita, watu walikuwa bado wanamguza kichwa. Majirani, wageni, hata wanawake wa rika lake waliocheza naye. Nililiona kila siku, nikalihesabu kuwa upendo.

Basi tukasikia shamba moja la maua huko Isinya linaandika watu wa kupanga waridi. Unapima urefu wa shina, unatoa majani ya chini, unafunga mafungu yaliyo sawa. Nikajua hiyo ni kazi yake, maana jicho lake linapima kuliko futi. Lakini sikumwacha aende peke yake. Nilivaa shuka yangu nzuri, nikatangulia.

Langoni tulimkuta karani, kijana wa kwetu, ndevu bado zinatafuta mahali pa kutokea. Nilimwambia nimemletea mtoto wangu. Hivyo ndivyo nilivyosema, mtoto wangu. Nikamweleza kwamba hasikii lakini ana adabu, hasumbui, wamwangalie tu asikanyagwe na trekta. Na kwa sababu nilitaka yule kijana atuhurumie, nilimshika mjukuu wangu shingoni nikamwinamisha amsalimie.

Karani akamwekea mkono kichwani. Mwanamume mdogo kwake, mbele ya watu wote waliopanga foleni.

"Sisi hatuandiki watoto, koko," akasema. "Huyu mrudishe nyumbani umtunze."

Kuna mtu kwenye foleni alicheka. Nilianza kumgombeza karani, nikamwambia alivyokosa heshima, nikataja mpaka ukoo wao. Nilipogeuka, mjukuu wangu alikuwa ameshaondoka, yuko barabarani.

Nilimfikia kwenye kibanda cha kuuzia nyanya. Alikuwa ameandika kwenye simu yake, akanipa. Mimi husoma polepole, kwa kidole. Alingoja mpaka nikamaliza.

"Ulinishika shingo kama mbuzi wa soko ya Bisil. Mimi si wa kuuzwa. Niko na cheti, niko na mikono, na wewe ndiye umenikosesha kazi."

Nilitaka kumwambia ni karani. Midomo yangu aliisoma kabla sijafika mwisho, akatikisa kichwa. Akanielekezea kidole mimi.

Siku nne hakunijibu, hata kwa mikono. Kuku walikula, ndama walinywa maji, lakini chai alimimina ya kila mtu isipokuwa yangu. Jumatatu alitoka mapema na cheti chake kwenye bahasha, na nilipochukua shuka alisimama mlangoni akaninyooshea kiganja: kaa hapo. Nikakaa.

Yaliyobaki aliniandikia mwenyewe baadaye. Alirudi lango lile lile, na karani alipoinua mkono kuupeleka kichwani, yeye aliudaka hewani akausalimia, kama watu wazima. Kisha akampa karatasi aliyoiandika nyumbani, kwamba anaomba ajaribiwe na msimamizi wa banda la maua. Msimamizi ni mama mmoja mkali. Alimwekea ndoo moja ya waridi na ubao wa kupimia. Mjukuu wangu akazipanga kwa jicho, ndipo yule mama akazipima zote kwenye ubao, akakuta mashina mawili tu yamekosea. Wakamwandika kibarua cha miezi mitatu, wamwone.

Msinipigie makofi. Wenye masikio hawakupewa ndoo, waliandikwa hapo langoni kwa kuangaliwa kimo. Na vile vigari vya kubeba maua vinapita nyuma yake vikipiga honi, na hakuna aliyefikiria kuweka taa. Ameandika barua ya kuomba hiyo taa. Wanamwambia angojee. Miezi mitatu ikiisha, sijui watamwambia nini. Lakini kusema ni kwake, si kwangu tena.

Jumapili iliyofuata watu wa nyumbani walikuwa wamekuja kunywa chai, wanangu na wake zao, pamoja na ndugu yangu kutoka Bisil. Mjukuu wangu akaingia na ovaroli ya kazini na gambuti, maana shamba la maua halijui Jumapili. Ndugu yangu, kwa mazoea, akainua mkono kuupeleka kichwani pake. Yeye hakuinama. Hakurudi nyuma pia. Alisimama akaniangalia mimi, anione nitafanya nini.

Niliushika ule mkono wa ndugu yangu ukiwa bado juu, nikaushusha mpaka ukakutana na wa mjukuu wangu. Halafu nikawaambia wote, na watoto nikawaita kutoka nje ili wasikie:

"Kuanzia leo, katika boma hii, hakuna mtu ataguza kichwa cha huyu. Mpeni mkono. Mkitaka kujua habari zake, muulizeni yeye, mwandikieni ama mjifunze mikono yake, msije kwangu. Kazi ya kuku wagawane wake za wanangu. Na asiyeweza haya, achukue kikombe chake anywe chai nje na ndama."