Siku Niliyomvalia Bibi Koti

Mdogo wangu wa kike alipotaka kuomba nafasi ya kusomea shahada ya pili ya elimu, hakuniomba msaada. Aliniomba ruhusa. Wazazi wetu walikuwa wameshafariki, mimi ndiye mkubwa, na ingawa yeye alikuwa mwalimu wa sekondari mwenye shahada yake na mimi nimeishia kidato cha nne, alikuja akakaa mkekani akanieleza kama ambavyo angemweleza baba. Siku hizo nilikuwa katibu kata huko Kibiti. Nilizoea watu kunieleza mambo yao huku wakingoja nitikise kichwa kukubali. Nikatikisa. Ningeishia hapo, yasingetokea haya ninayoyaandika.

Chuo kilitaka vyeti vyake, barua za watu wawili waliowahi kumfundisha, na kurasa chache za kueleza anataka kuchunguza nini. Vyeti alikuwa navyo. Barua aliziomba, zikaja. Zile kurasa ndizo zilizomsumbua. Mkuu wake wa shule, mtu mpole aliyewahi kukaa kwenye vikao vya kuchagua wanafunzi, alimwambia kwamba waombaji wengi huandika juu ya upungufu wa madawati, na wanaosoma maombi wamechoka na madawati. Atafute jambo ambalo yeye anaweza kulifikia na mwingine hawezi. Mdogo wangu akakaa nalo siku kadhaa, kisha akasema atachunguza jinsi watoto wa kwetu wanavyofundishwa Vita vya Maji Maji nyumbani kabla hawajafundishwa darasani, na nini kinampata mtoto pale mwalimu anaposema tofauti na bibi yake.

Alikuwa na sababu. Bibi yetu mzaa baba alikuwa bado hai. Vita vilipoanza kule milimani alikuwa mtoto wa kuweza kubeba mtungi mdogo. Vilipokwisha, njaa ikamshusha yeye na mama yake hadi delta, na hakupanda tena milima ile. Wakati ninaousimulia alikuwa Mbuchi, analima mpunga, macho yake mazima, ulimi wake mzima zaidi.

Hapa lazima nieleze habari ya vita ilivyosimuliwa kwetu. Baba hakuwahi kutusimulia. Si kwamba hakuijua. Haikuwa kazi yake. Mzazi na mtoto wana haya baina yao. Bibi na mjukuu hawana haya, wana utani, na habari ile ilipita ndani ya utani. Bibi aliniita mume wangu. Mdogo wangu alimwita mke mwenzangu, na tangu utoto wake walikuwa wakinigombania mimi: nani amempikia mume vizuri, nani amezeeka, nani apewe talaka arudi kwao. Katikati ya maneno hayo, huku mikono inatwanga au inapepeta, bibi alikuwa akiachia kipande. Fulani alikimbilia wapi. Walikula nini. Nani alirudi na nani hakurudi. Kisha wanaendelea kutukanana. Haikuwa hadithi ya kukalishwa chini ukasimuliwa. Pengine kwa wengine mambo yalikwenda vingine; kwetu ndivyo yalivyokwenda. Mimi nilipata zamu yangu nikiwa mdogo na sikusikiliza. Nilikuwa nangoja wali uive.

Mdogo wangu alitaka kwenda peke yake. Nikamwambia haifai, jambo la chuo kikuu ni jambo kubwa, lazima liwe na mwenyewe. Mwenyewe nilikuwa mimi. Akasema, "Kaka, bibi hahitaji kuambiwa ni jambo kubwa." Nikamwambia yeye hajui watu wa vijijini, mimi ndiye ninayekaa nao. Nilimwambia hivyo mtu ambaye alilelewa mikononi mwa bibi yule.

Nilivaa suruali ya tetroni na koti langu la vikao. Ilikuwa majira ya mpunga kukomaa, jua kali, na ndani ya mtumbwi lile koti lilinilowa mgongoni. Sikulivua. Tulipita kati ya mikoko. Tulipofika Mbuchi sikwenda moja kwa moja kwa bibi. Nilipita kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji, nikajitambulisha, nikamwomba anisindikize. Akaja, na nyuma yake mtu wa shule amebeba kiti.

Bibi alikuwa shambani, juu ya dungu, kile kibanda cha nguzo ndefu ambamo watu wa delta huhamia wakati wa kuamia ndege, kuwafukuza wasile mpunga. Kombeo begani, kamba za makopo zimefungwa kila upande. Alituona tangu mbali.

"Mke mwenzangu," akaita kutoka juu, "huyo uliyemleta ni nani? Mume wetu aliyeondoka hapa alikuwa na sura."

"Ndiye huyu," mdogo wangu akajibu. "Kanenepa kwa chakula changu. Cha kwako kilimkondesha."

"Wewe unajua kupika? Huyo si mume wetu. Huyo bwana pamba. Tazama koti lake. Kaja kututia shambani, sasa hivi tutamsikia anauliza nani kalala."

Mwenyekiti alicheka. Bwana pamba ndivyo bibi alivyowaita wasimamizi waliokuwa wakiwalimisha watu pamba kwa kiboko, kabla ya vita. Leo naona wazi kwamba alikuwa ameshaanza kusimulia. Mlango ulikuwa wazi na mdogo wangu ameshaweka mguu mmoja ndani. Alikuwa amepanda ngazi mbili za dungu na tayari anafungua mdomo kumjibu.

Mimi nikasema, "Bibi, leo tuna shughuli rasmi. Naomba tuache utani."

Akanitazama. Kisha akatazama kiti. Akashuka taratibu, akanawa miguu kwa maji ya mtaroni, akajitanda kanga kichwani, akakaa kwenye kiti ambacho nina hakika maisha yake yote hakuwahi kukalia cha namna ile. Mikono akaiweka magotini. Nikamweleza habari za chuo, faida za elimu, umuhimu wa wazee kutunza historia ya taifa. Niliongea vizuri. Nilikuwa na mazoea.

"Haya, bwana," akasema.

Mdogo wangu akamwuliza juu ya siku vita vilipoanza. Bibi akajibu akinitazama mimi. "Vita vilikuwepo, bwana. Watu walikufa. Ikaja njaa. Mungu akatunusuru."

Akaulizwa juu ya ile dawa ya maji. "Sijui, bwana. Nilikuwa mdogo."

Akaulizwa juu ya baba yake. "Alikufa, bwana."

Mwenyekiti akasema bibi ameeleza vizuri sana. Ndege walikuwa wameshuka kwenye mpunga kundi zima, na bibi aliwasikia, kwa sababu vidole vyake vilikuwa vikicheza magotini, lakini hakuinuka kitini mpaka nilipomshukuru. Alikuwa ameniita bwana mara zote hizo na mimi niliona ni heshima.

Kwenye mtumbwi wa kurudi mdogo wangu alinipa mgongo akitazama mikoko. Nilidhani amechoka. Tulipofika Kibiti nikamwona anatazama karatasi yake isiyo na kitu, nikamwambia asihangaike, mimi nitamsaidia. Nikakaa nikamtajia yote niliyofundishwa shuleni: chanzo cha vita, kuenea kwake, sababu za kushindwa. Nilikumbuka kwa mpangilio mzuri, maana nilifaulu somo lile. Nikamwambia aandike kwamba ndivyo bibi alivyosema; nani atakwenda Mbuchi kuuliza? Alinisikiliza mpaka mwisho. Kalamu alikuwa nayo mkononi na hakuandika hata neno.

Shule zilipofungwa akaondoka bila kuniaga. Nilijua kwa watu kwamba yuko Mbuchi. Nilikasirika kidogo, au nilifanya kama nimekasirika kwa kuwa ndivyo ilivyotakiwa. Sikumbuki kuhisi kitu cha maana. Alikaa huko mpaka shule zilipokaribia kufunguliwa. Alirudi amekuwa mweusi kwa jua, kiganja kimechubuka kwa kombeo, sauti imekauka kwa kuwapigia ndege kelele. Alikuwa akioshaosha vyombo na kucheka peke yake.

Nikamwuliza kama amepata. Akasema amepata.

"Yote?"

"Mengine sikuyatarajia. Kwa nini babu yake bibi hakunywa ile dawa. Nani aliwaonyesha askari njia. Alivyokuwa anaimbiwa wakati wanashuka na njaa."

Nikamwambia basi aandike haraka, siku za kupeleka maombi zinakwisha. Akafuta mikono yake.

"Siandiki," akasema.

Nikadhani ni maringo. Akaeleza, bila hasira, na ningependa kama angeeleza kwa hasira. Bibi alikuwa amemsimulia yote kule juu ya dungu, katikati ya utani, mikono ikitupa mawe. Lakini kabla ya kuanza alimwapisha. Alimwambia, "Nakupa wewe mke mwenzangu. Wale wa makoti usiwape. Mmoja alikuja hapa akanikalisha kitini, nikaona wameshaanza tena."

Nikamkumbusha kwamba mmoja yule ni mimi, mume wake. Mdogo wangu akasema, "Nilimwambia. Akasema anajua."

Nilijaribu kumshawishi. Nilimwambia bibi hasomi, hatajua. Nikamwambia kiapo cha utani si kiapo. Nikamwambia asipoandika hili atakuwa kama wale wa madawati. Yote hayo aliyajua kuliko mimi. Baadaye alinieleza jambo moja ambalo nimekaa nalo: mwanzoni alimweleza bibi kwamba anataka kuyaandika yasomwe na walimu, na bibi hakuwa na tatizo, hata alitaka jina la baba yake liandikwe vizuri. Hayo waliyazungumza kwa kutumiana salamu, kabla ya ile safari yetu, mimi sijatia mguu. Kukataa kulikuja baada ya kiti.

Akapeleka maombi yenye mada nyingine, juu ya watoto wanaokosa shule wakati familia zinapohamia madunguni. Ilikuwa mada ya kweli na aliiandika vizuri. Nadhani hata leo ni jambo la kuchunguzwa. Lakini alikuwa ameiandika kwa siku chache tu, akiwa amechoka, na mwenyewe alisema inasomeka kama taarifa ya mkaguzi. Barua ya majibu ilipita ofisini kwangu, maana barua za shule zilikuwa zikipitia hapo. Nikampelekea bila kuifungua. Aliisoma akiwa amesimama, akaikunja. Nafasi zilikuwa chache, waombaji wengi, walimtakia heri. Akaniuliza kama nimeshakula. Nikamwambia bado. Akapakua.

Hakuomba tena. Mwaka uliofuata mkuu wake wa shule alimwuliza, akasema ana darasa la mtihani. Mwaka mwingine akaolewa. Akafundisha mpaka akastaafu, na wanafunzi wake wapo kila mahali. Wengine wana shahada hiyo aliyoikosa na zaidi. Bibi alifariki mapema, kabla masika ya pili tangu ile ziara hayajaisha. Nilikwenda kuzika. Watu walilia na mimi nilishughulika na mkeka na sanda na nani akae wapi. Nilifanya yote kwa utaratibu. Niliwahi kungoja huzuni inijie baadaye, ikawa haiji, nikaacha kungoja.

Kati ya ile ziara na kifo chake nilikwenda Mbuchi mara moja, kwa kazi ya kata. Nilipita kumsalimu, nikiwa na shati tu. Nikamwita mke wangu. Alinikaribisha vizuri, akanipa wali na samaki, akaniuliza habari za nyumbani, akaniita bwana mpaka nilipoondoka.

Mdogo wangu sasa yuko Nyamwage kwa wanawe. Hakuniwekea kinyongo, nami sijawahi kumwambia maneno haya niliyoyaandika. Tunapigiana simu siku ya Idi. Mara moja nilimwomba anisimulie mimi yale ya kwenye dungu. Akasema, "Kaka, mimi si bibi yako." Alisema kweli. Kwa desturi yetu anayenisimulia lazima awe bibi au babu, na wote wameshakwenda.

Mimi mwenyewe ni babu siku nyingi. Wajukuu zangu wa kike huniita mchumba, hunicheka meno, husema wataniacha waende kwa kijana. Mwaka huu mmoja wao, akinipaka mafuta miguuni, akasema, "Mchumba, nyinyi wa zamani mlipigana vita na Wajerumani, au ulikimbia?" Mkono wake unafanya kazi, utani umekolea, kila kitu kiko mahali pake. Nikaanza. Nikamwambia chanzo cha vita, kuenea kwake, sababu za kushindwa.

Akaniacha nimalize. "Hiyo tuliisoma shuleni," akasema, na akahamia mguu wa pili.

Nikamwambia aende Nyamwage kwa bibi yake, akae huko mpaka achoke, asiende na kalamu. Alikwenda likizo, yeye na mdogo wake. Wamerudi wiki iliyopita. Jana nilikuwa barazani nikawasikia ndani wanapepeta mchele na kutupiana maneno, mara wakacheka, mara mmoja akasema kitu kwa sauti ya chini na mwingine akaacha kupepeta. Kisha ungo ukaendelea. Sikuingia, na walipotoka sikuwauliza.