Nilimnywesha Maksai wa Mjomba Kahawa

Jamani, asitafutwe mwingine wa kulaumiwa. Nimemuua maksai wa mjomba wangu, tena nimemuua kwa elimu!

Nina shahada ya baiolojia. Nimekaa nyumbani, huku Mkalama, miaka miwili bila ajira, na kazi yangu kubwa ilikuwa kuwadharau watu. Mjomba aliishia darasa la nne. Akiongea, nilimsikiliza kama redio ya jirani.

Alikuwa na maksai wawili wa plau, Diwani na Katibu. Mwaka huu aliamua tuanze na shamba la mama yangu, dada yake, kabla ya lake. Sharti lake moja: saa nne asubuhi nira inafunguliwa, hata ikibaki mistari miwili. Ushamba ulioje!

Siku hiyo alikwenda msibani. Nikasema leo namaliza shamba lote, nimfundishe kazi. Binti yake, Neema, alikuwa mbele akiwaongoza ng'ombe. Saa nne akasimama.

"Kaka, tufungue. Baba alisema."

"Baba yako anajua nini kuhusu msuli?" Nikamshushia mhadhara palepale. "Ndani ya chembe za msuli kuna ghala la kalisiamu. Ikitoka, msuli unakaza, unavuta. Kafeini ya kahawa inafungua mlango wa ghala, na joto linausukuma. Jua linatusaidia!"

Nikakoroga pumba na maji kwenye ndoo, nikamimina makopo mawili ya kahawa ya unga niliyotoka nayo nyumbani, na chumvi ya kuficha uchungu. Katibu alinusa akageuza uso. Diwani, mlafi yule, alimaliza yote.

Aisee, alivuta! Nilikuwa napiga mluzi, mjinga mimi. Kisha mapaja yakaanza kumtetemeka, ulimi ukatoka nje, akaanguka na nira shingoni. Tulimfungua, tukammwagia maji, wapi! Alikufa miguu imekakamaa kama mipini ya majembe.

Msomi nilisahau nusu ya somo. Kalisiamu isiporudishwa ghalani, msuli haulegei. Na msuli usiolegea unazidi kuzalisha joto, joto linazidi kuufungua ule mlango. Kahawa na jua la Januari, vyote juu ya mnyama mmoja! Hata mtoto wa sekondari angejua.

Mjomba aliporudi nilisema shikamoo. Hakuitikia. Neema akamweleza kila kitu, hadi mhadhara wangu. Mjomba akachuchumaa, akajaribu kuukunja mguu wa Diwani, ukakataa.

"Hiyo kalisiamu yako, unaweza kuirudisha?"

Nikatikisa kichwa.

"Basi kachukue jembe."

Katibu havuti peke yake, na mvua haisubiri mtu. Shamba la mjomba, ambalo halikuwa limeguswa hata mstari mmoja, tunalilima kwa mkono. Viganja vya Neema vimepasuka. Majirani wakipita wanamsalimia yeye, mimi wananiruka. Wana haki.

Nyie mliotoka vyuoni juzi mkaanza kuwacheka wazee, endeleeni tu, mtakuja kunizika kisha aibu yangu muirithi. Au ulizeni kwanza. Mimi niliuliza juzi, tukiwa tumeinama shambani: mjomba, kwa nini saa nne?

Hakuinua hata kichwa. "Baada ya hapo wanachemka kwa ndani," akasema. "Misuli inagoma kulegea."

Miaka miwili nimekula naye sahani moja, na sikuwahi kumuuliza.