Jumamosi kwa Madam

Shamba letu liko karibu na Sotik, upande wa Bomet, na mimi ndiye ninayebaki nalo. Mke wangu ni nesi katika hospitali ya Longisa, na huja nyumbani siku zake za mapumziko. Ndiyo maana mambo ya shule ya watoto yaliniangukia mimi: kusaini daiari, kutafuta soksi zilizopotea, kwenda mikutano ya wazazi huku viatu vikiwa bado na matope ya zizini.

Binti yetu wa kwanza alikuwa gredi ya tano katika shule ya serikali iliyo chini ya kilima chetu. Alifanya vizuri, lakini hakuwa msemaji. Mke wangu aliliona hilo kuliko mimi.

"Watoto wa wenzangu wote wako akademia, shule za kulipia," aliniambia asubuhi moja tukichuma chai. "Ukiwasalimia wanakujibu wakikuangalia usoni. Wetu anaangalia viatu vyake."

"Kuongea si kujua," nilisema.

"Na kunyamaza je?"

Ukweli ni kwamba sikujua kinachoendelea darasani mwake. Nilikuwa nikiona alama mwisho wa muhula, basi. Kwa hiyo nilienda kwa mwalimu mkuu, nikaomba niketi darasani kwa kipindi kimoja. Alinitazama kwa wasiwasi, maana mzazi akija bila kuitwa huwa amekuja na kesi.

"Kuna shida gani, mzee?"

"Hakuna. Nataka tu kuona."

Watoto walikuwa wengi, wamebanana kwenye madawati mpaka wa pembeni wanaketi nusu. Mwalimu alikuwa kijana, na nilimpenda tangu alipoanza. Alieleza hesabu za nusu na robo polepole, akauliza maswali, akafuta, akaeleza tena. Kisha akasema, "Wasaidizi." Watoto kadhaa wakasimama, na binti yangu alikuwa mmoja wao.

Alienda nyuma kabisa, akachuchumaa kando ya dawati moja, akaanza kuwaeleza wenzake kwa Kipsigis. Aliwaambia kogo, yaani nyanya yao, ana shamba la chai na anataka kuligawia mabinti zake. Nani atapata robo? Robo hiyo ina mistari mingapi? Alikuwa akipaza sauti, mkono kiunoni, kama mtu anayegawa shamba kweli. Mvulana mmoja alisema hajaelewa. Hakumcheka wala kumharakisha. Alimuuliza, "Hujaelewa kuanzia wapi?" Mvulana akaonyesha kwa kidole, naye akarudi hapo hapo.

Nyumbani sikuwa nimewahi kuisikia sauti hiyo.

"Bila hao siwezi kuwafikia wote," mwalimu aliniambia baada ya kipindi. "Huyu wako ni mwalimu tayari."

Nilifurahi mpaka nilipofika getini. Hapo nikaanza kujiuliza: ikiwa saa ya hesabu anaitumia kufundisha anachokijua, asichokijua atajifunza saa ngapi? Lakini pia, ni nani angemfundisha kumuuliza mtu hajaelewa kuanzia wapi?

Nilimpigia mke wangu simu nikamsimulia. Alicheka. "Kwa hiyo mtoto wetu ameajiriwa na serikali, ila hana mshahara."

Tukakubaliana tujaribu tuisheni kabla ya kumhamisha. Katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha chai kulikuwa na mama mmoja kutoka upande wa ziwani. Mumewe alikuwa fundi wa mitambo kiwandani. Yeye alikuwa amefundisha miaka mingi kabla ya kustaafu, na Jumamosi alipokea watoto wachache barazani kwake. Kila mtu alimwita Madam.

Siku ya kwanza niliketi pembeni kusikiliza. Nilitarajia atoe hesabu ngumu ampime mtoto. Hakutoa kitu. Alimwambia, "Nyathina," neno ambalo kwa lugha yake ni mwanangu, "niambie kitu kimoja ambacho hujui."

Binti yangu alizungusha penseli vidoleni. Alizoea kuulizwa anachokijua. Mwishowe akasema, "Sijui kwa nini ukigawanya kwa nusu jibu linakuwa kubwa. Mimi huwa nafanya tu, na ninapata. Lakini kugawanya si ni kupunguza?"

Madam alicheka, akaingia ndani, akarudi na machungwa na kisu. "Usiniulize mimi. Uliza haya."

Alimwacha hapo akaenda kusahihisha kazi za wengine. Msichana alikata chungwa la kwanza, akaangalia. Akakata la pili. Niliona midomo yake ikitembea. Kisha akainua kichwa: "Machungwa ni yale yale. Wanaokula ndio wameongezeka." Madam akaja akachukua kipande, akala, akamwambia aendelee.

Nami nilirudi nyumbani nikiliwazia chungwa hilo. Katika shule hiyo hiyo anayosoma binti yangu, nilifundishwa kugeuza namba ya pili juu chini na kuzidisha. Hakuna aliyeuliza kwa nini, na mimi sikuuliza.

Mke wangu alifurahi kuhusu Jumamosi, lakini wazo la akademia halikumtoka. Likizo ya Agosti ilipokaribia tulienda kuiona ile iliyo njia ya kuelekea mjini, sisi wazazi na binti. Nilienda nikiwa tayari kuikataa. Nilidhani nitakuta magari, sare za kupendeza na watoto wanaoongea Kiingereza cha puani. Niliyakuta hayo yote. Lakini nilikuta pia maktaba ambayo vitabu vyake vilikuwa vimechakaa kwa kusomwa, na darasa ambalo mtoto mmoja, alipoambiwa mimi ni mkulima, alisimama na kuniuliza kwa nini chai huchumwa majani mawili na chipukizi, si matatu au manne.

"Ndivyo kiwanda kinavyotaka," nilimjibu.

"Na kwa nini kiwanda kinataka hivyo?"

Nilisema jani likikomaa linakuwa gumu na chai inapoteza ladha. Akauliza ladha inaenda wapi. Mwalimu wake hakumkatiza. Alikuwa anasubiri kusikia jibu langu, kama darasa zima. Nimechuma chai tangu utoto wangu, na ilibidi niseme sijui. Niliipenda shule hiyo tangu dakika ile.

Ofisini, mkurugenzi alimuuliza binti yetu kama ana swali. Aliangalia viatu vyake kwanza. Kisha akauliza, "Asiyeelewa anasaidiwa na nani?"

"Mwalimu hubaki naye baada ya masomo," mkurugenzi alisema. "Hapa ni wachache, hakuna anayeachwa."

Njiani kurudi mama yake alimuuliza kama ameipenda.

"Ni nzuri," alisema. "Lakini huko mimi nitafanya nini?"

"Utasoma," mama yake alisema.

Tulimwacha shule ya serikali na Jumamosi zake mpaka amalize gredi ya sita. Mwaka huo huo mume wa Madam alistaafu, wakaanza kufunga vitu warudi kwao ziwani. Nilienda kuwasaidia kupakia. Nilimuuliza Madam tufanye nini sasa, nikiwa na hakika atasema msichana abaki alipo.

"Angekuwa wangu ningempeleka akademia," alisema, akikunja pazia. "Amekuwa wa kwanza kwa muda mrefu sana. Akutane na wanaomzidi akiwa bado mdogo, asije akakutana nao mara ya kwanza akiwa mtu mzima."

"Na ile shule ya serikali ilikuwa makosa?"

"Nani amesema? Imempa kitu ambacho mimi sikuweza kumpa. Ila imemaliza kumpa."

Basi akaingia gredi ya saba akademia. Muhula wa kwanza alirudi akiwa katikati ya darasa, na kimya kuliko zamani. Nilingoja siku mbili tatu, kisha nikamfuata jikoni akimenya viazi.

"Kuna msichana ananipita kila kitu," alisema.

"Unajisikia aje?"

Alifikiri. "Nataka kujua anasoma aje. Anaandika kidogo sana darasani. Anasikiliza tu."

Muhula uliofuata yule msichana alikuja kwetu wikendi, wakakaa chini ya mti wa parachichi wakibishana kwa Kiingereza mpaka jioni. Sikuelewa wanabishania nini. Lakini jirani alipomleta mtoto wake asaidiwe hesabu, nilimsikia binti yangu akitafuta neno la Kipsigis na kulikosa. Akalisema kwa Kiingereza. Mtoto akaitikia kwa kichwa kama ameelewa, na niliona hajaelewa. Mke wangu aliona pia. Tangu siku hiyo huongea na binti yetu Kipsigis tu akiwa nyumbani.

Sasa yuko gredi ya tisa, na wakati wa kuchagua shule ya sekondari ya juu umefika. Juzi tuliketi sote watatu na majina ya shule, na binti yetu akaweka kidole kwenye shule moja ya serikali, ya bweni, mbali kidogo na hapa.

"Baada ya akademia yote hiyo?" mama yake aliuliza.

"Wana maabara kubwa. Nimewauliza wanaosoma huko."

"Umewauliza nini kingine?"

"Kama mwanafunzi anaruhusiwa kuingia maabara bila mwalimu. Wameniambia hapana." Akakunja uso akifikiri. "Nitawauliza kwa nini."

Mke wangu alinitazama, nami nikamtazama. Kisha akavuta kiti karibu na binti yake, akamwambia amweleze tena kuhusu hiyo maabara, kuanzia mwanzo.